Tela la Kwenda Wales

Jumamosi moja jirani zangu wa Queensbury waliniomba niwasindikize Hayes kutazama karavani, lile tela lenye vitanda ambalo Waingereza hulikokota kwenda kupiga kambi. Bwana ni Mgoa, mkewe Mpunjabi wa Kampala, na nyumbani wanaongea Kiswahili. Mume alitaka wazunguke Wales yote. Mke aligoma hata kuingia kutazama.

"Kambi tena?" aliuliza, mikono kifuani. "Si juzi tu tumetoka kambini?"

Alikuwa na maana ya kambi ya wakimbizi, walikopokelewa hapa Uingereza baada ya kufukuzwa Uganda.

Mwishowe aliingia. Tulimsikia akifungua makabati, kisha akafunga mlango kwa ndani. Alipotoka alimkazia macho mumewe.

"Tukifika mahali, nani atatuambia tuondoke?"

"Wewe, mama."

"Na nikipapenda?"

"Tutakaa."

Aligonga bati la tela kwa kidole. "Basi, lichukue."

Walikwenda, wakarudi wamelowa chapachapa, wanacheka. Mimi bado najiuliza Waingereza, ambao hawakufukuzwa na mtu, wanatafuta nini huko kambini.