Neno la Siri la Sajenti

Sajenti alianza jeshi ndevu hazijamwota, akatoka zimeingia mvi, na sehemu kubwa ya katikati hapo aliimaliza mpakani. Likizo zake zilikuwa fupi. Mkewe hakumbembeleza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kweli, siku ya tatu ilimkuta sajenti juu ya paa anaziba bati linalovuja, au chini ya sinki anapambana na bomba. Watoto wakubwa, wavulana watupu, walimganda kama kupe. Kazi ilikuwa kwa kitinda mimba.

Safari moja alirudi bila kutoa taarifa, akapitia mlango wa nyuma ili awashtukize. Binti, ambaye hata kitasa alikuwa hajakifikia, akaona mwanamume asiyemjua amesimama jikoni na begi begani. Akapiga yowe la mwizi. Majirani hawakuuliza mara mbili. Walikuja na fimbo, na seremala wa nyumba ya pili alikuja na msumeno. Mtu aliyerudi vitani mzima nusura auawe jikoni kwake, mikono juu. Mtaa ulicheka wiki nzima. Yeye pia alicheka, lakini siku ile sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

Kesho yake alimkalisha binti akamfundisha kazi ya lindo. Mtu akifika mlangoni, msimamishe, muulize neno la siri. Asipolijua haingii, hata awe jenerali. Neno atalichagua binti siku baba anapoondoka, na baba atalitunza kichwani mpaka arudi. Tangu hapo jina la binti likawa Mlinzi.

Basi sajenti akawa anakwenda mpakani na "ndizi", safari nyingine na "kandambili", nyingine na "paka wa jirani". Miezi ikipita anarudi, anasimama nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, anahojiwa. Hakukosea hata mara moja. Siku moja mvua ilimkuta hapo mlangoni, Mlinzi yuko bafuni. Mkewe alipokuja kumfungulia alikataa, akasema lindo lina mwenyewe. Mkewe akamjibu kwamba jeshi limemharibu akili, akarudi kwenye sufuria zake.

Ila Mlinzi hakumwita baba. Kaka zake walimwita baba. Yeye alimwita Afande, kama mtaa mzima. Alipokuwa mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wake, lile neno jingine lilikuwa limeshamshinda ulimi. Hakuwa na kinyongo. Asiyekuwepo na lake halipo, na "baba" ni neno linalotaka kutumiwa kila siku ndipo lizoeleke.

Mama yake alimfuata cherehanini siku moja.

"Hivi unadhani kwa nini anakuachia wewe uchague neno? Miaka yote anasubiri umpe hilo moja. Wewe unampa ndizi."

Mlinzi alicheka, akaendelea kushona. Pindo likaenda upande, ikabidi alifumue.

Sajenti alistaafu, na safari zake zikawa za dukani. Mchezo ulibaki palepale. Alisimama mlangoni na mkate kwapani, akataja neno, akapita. Mlinzi aliona aibu mbele ya wateja, lakini alimwuliza.

Kisha moyo ukamlemea mzee, gari la hospitali likaja. Walipofika naye mlangoni juu ya machela, aliinua mkono kuwasimamisha wauguzi.

"Mlinzi, sijapewa neno."

Mlinzi aliinama akamnong'oneza sikioni. Lilikuwa gumu kutoka, na lilipotoka lilikuwa dogo. Mzee alifumba macho.

"Nimelipokea," alisema.

Kutoka hospitali aliletwa na jeshi, ndani ya jeneza lililofunikwa bendera, askari sita wamelibeba mabegani. Walipofika mlangoni walimkuta Mlinzi amesimama katikati, hapishi. Kaka yake mkubwa alimshika mkono, akamwambia taratibu kwamba watu wanasubiri. Mlinzi aliutoa mkono wake.

"Simama," alisema. "Neno la siri?"

Askari walisimama palepale, maana amri hiyo wanaijua kuliko sala zao. Wakatazamana. Hakuna aliyelijua. Mama yake, nyuma yake, akaanza kulia kwa sauti.

"Baba," Mlinzi akajibu mwenyewe, na mpaka barabarani walimsikia. Akasogea pembeni.

"Pita, baba."