Prosesa ya Kiangazi Kimoja

Trajče wa Prilep, huko Makedonia, amehariri video za harusi tangu enzi za kanda, na mji mzima unamjua kwa subira. Anaweza kumtazama mjomba mlevi akianguka katikati ya ngoma mara mia, asicheke wala asikasirike. Lakini kiangazi kile subira ilimwisha. Kompyuta yake ya mezani ilizimika akiwa katikati ya kuhariri harusi ya watu, ikagoma kuwaka, na maharusi wa Juni wakaanza kupiga simu. Tangu hapo hakutulia. Akiketi anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia.

Kununua ilibidi anunue, ila anunue nini? Kulikuwa na ubao mama, ule unaobeba vipuri vyote vya kompyuta, wa toleo linaloaga, pamoja na prosesa, ubongo wenyewe, kali kiasi cha kumaliza kazi ya siku nzima kabla ya chakula cha mchana. Bei poa, lakini soketi yake, tundu la kuchomekea prosesa, haitapokea prosesa nyingine mpya maisha. Na kulikuwa na ubao wa toleo jipya: kwa pesa zilezile unapata prosesa dhaifu, ila ukijaliwa utaitoa na kuchomeka iliyo kali zaidi, leo, kesho, hata miaka ijayo. Mwenye akili zake angechukua wa pili. Akili Trajče alikuwa nazo. Alikuwa na siri pia: Novemba yeye na mkewe Ljupka wangehamia Slovenia, alikopata Ljupka kazi ya uuguzi, kompyuta hiyo wangeiacha, na mama yake hakuwa ameambiwa. Kila asubuhi aliapa kwamba leo atasema. Kila jioni alimeza mate tu.

Mama huyo, Stojna, ndiye aliyeng'ang'ania kwenda naye dukani.

"Nikikuacha peke yako utauziwa mbuzi kwenye gunia," alisema, akajifunga kitambaa chake cha kichwa.

Blaže, mwenye duka, aliwaeleza tofauti ya mbao zile mbili taratibu, kama anavyowaeleza wastaafu wote. Stojna alisikiliza huku amekumbatia mkoba.

"Sasa hapo kuna la kuuliza?" akasema. "Chukua huo unaokua. Marehemu baba yako aliacha nondo zimesimama juu ya paa, watu wakamcheka, lakini siku mkipata watoto tunapandisha ghorofa bila kubomoa kitu. Si ndiyo hayohayo?"

"Shangazi, ungefungua duka hapa jirani ningekufa njaa," Blaže alimtania.

Trajče alichukua boksi la ubao mpya, akalirudisha, akalichukua tena.

"Nataka huu wa zamani."

"Wa zamani! Umerogwa?"

"Una kasi, mama. Nina harusi za watu."

"Za mwaka huu. Na za mwakani je?"

Blaže, maskini, akadhani anamsaidia Trajče.

"Tusimwonee, shangazi. Huo nao una thamani yake. Unamfaa mtu ambaye miaka mitatu ijayo hatakuwepo hapa," akasema, akacheka peke yake.

Stojna alimtazama mwanawe, kisha boksi, kisha mwanawe tena. Aibu ilimchoma Trajče mpaka masikioni. Afadhali angesema mwenyewe kule jikoni, pilipili hoho zikichomwa kwa ajili ya rojo la ajvar, kuliko kusemewa na muuza duka.

"Lini?" mama aliuliza.

"Novemba."

"Nyote wawili?"

"Sote."

Mkono wa Stojna ulitafuta ukingo wa meza, ukaushika. Blaže aliinama, akaanza kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Trajče alitamani mama yake alie, amtukane, amtandike hata kofi, mradi afanye kitu. Stojna alivuta pumzi. Kisha akamgeukia muuzaji kwa sauti yake ileile ya sokoni.

"Mpunguzie bei, mwanangu," alisema. "Anautaka wa miezi minne tu."