Ua la Kwenye Mawe ya Seme

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nyanya yangu, ambaye tulimwita Dani, alikuwa na dawa moja aliyoiamini kuliko zote. Mimea ya dawa kama olulusia na ogaka iliota kila mahali kwetu Seme, mtu yeyote angechuma. Lakini ile ya homa ya watoto ilikuwa ua dogo la zambarau linaloota kwenye nyufa za mawe makubwa, juu ya kilima. Jina lake hatukuruhusiwa kulitaja.

Sharti lilikuwa moja. Anayelichuma awe msichana mdogo, na akishalishika asiseme na mtu mpaka alifikishe nyumbani. Akisema, dawa imekufa.

Asubuhi hiyo ndugu yangu Okoth, wa miezi minane, aliamka mwili unawaka. Mama alikuwa Kisumu akiuza samaki, tulikaa na Dani.

"Nenda kwenye mawe," Dani aliniambia. "Ukiongea njiani, tupa, uje uniambie. Sitakupiga. Nitambeba tu nimpeleke hospitali Kombewa."

Nilichuma vizuri. Sikung'oa mizizi, na maua mawili niliyaacha yatoe mbegu, kama nilivyofundishwa. Nikishuka, nikamkuta Akeyo, msichana wa jirani, anateka maji kwenye kijito.

"Nyar Kisumu," akaniita, yaani binti wa Kisumu, "hata salamu hakuna?"

Nikapita.

"Ama mama yako ameuza ulimi wako pamoja na samaki?"

Hapo nikashindwa. Niligeuka nikamwambia, "Nyamaza wewe, nywele zimesukwa na mbuzi." Akeyo alicheka mpaka maji yakamwagika. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Ndipo nikaangalia mkono wangu, nikaona maua.

Ningeyatupa. Lakini niliona aibu, kutumwa kitu kidogo hivyo nishindwe. Nikaenda nayo nyumbani.

"Umeongea na mtu?" Dani akauliza.

Nikatikisa kichwa kukataa.

Akayaponda, akamnywesha Okoth, akampaka kifuani. Kisha akaketi naye mlangoni. Alisema jua likifika juu ya paa homa itashuka. Jua likafika, likapita. Akasema tungoje kidogo, dawa hii haijawahi kumwangusha. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nikiomba, "Yesu, fanya iwe dawa tu." Okoth alipoacha kulia, Dani akatabasamu. "Unaona, imeanza kufanya kazi." Lakini mimi nilikuwa nimemwona macho yake yakigeuka.

Jua lilikuwa limeegemea ziwani Dani alipomfunga mgongoni tukatoka, karibu tunakimbia. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie. Mara tatu nikaufunga. Hatukuwa tumefika hata barabara kubwa Dani aliposimama. Alimshusha, akamlaza mapajani, akamwangalia sana. Kisha akamfunika uso kwa leso.

Pasta wetu ameniambia Mungu hafungi uhai wa mtoto kwenye ulimi wa msichana. Naamini hivyo. Kama lile ua lilikuwa na nguvu au halikuwa nayo, mimi sina elimu ya kusema. Ninachojua ni kwamba Dani aliliamini, na kwa kuliamini aliketi mlangoni siku nzima. Ningemwambia ukweli, asubuhi hiyo hiyo angekuwa njiani kwenda Kombewa.

Baada ya hapo hakumtuma mtu tena kwenye mawe. Wamama walikuja na watoto wao, akawarudisha. "Mkono wangu umeharibika," aliwaambia. Aliendelea kusema hivyo mpaka uzeeni. Wiki yake ya mwisho nilikuwa nikimlisha uji kwa kijiko, sisi wawili tu, mlango umefungwa. Nikampangusa mdomo, nikanyamaza.

Dhambi hii nimemwungamia Mungu kwa magoti miaka mingi. Yeye ni rahisi kumwambia, maana alikuwa anajua tayari. Dani hakujua.