Lori la Kwenda Kucheza Koboko

Naona aibu hata kuanza, na nikianza msinikatize, maana wengine wenu mliisikia habari hii sokoni Arua ikiwa imetiwa chumvi, wakati bila chumvi yenyewe inatosha kunimaliza.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, mvivu wa kupindukia. Mwalimu wetu wa michezo, tuliyemwita Afande kwa kuwa alikuwa mwanajeshi kabla ya kushika filimbi, alituhubiria kila asubuhi kwamba mazoezi yanajenga afya (afya! nani ana miaka kumi na sita akahangaikia afya?), nami kila asubuhi tumbo liliniuma. Kilichoniamsha mimi ni Hawa tu, binti wa Koboko aliyekuja Idi kwa shangazi yake Arua, na akiondoka akaniambia, "Siku moja wewe kuja Koboko, tutacheza ngoma."

Basi Jumamosi moja nimekaa kando ya barabara natafuna muwa, lori la tumbaku likasimama mbele yangu, injini inanguruma, Afande akatoa kichwa dirishani akapiga kelele kwamba mutu moja nashikwa na malaria, nani anaweza kwenda Koboko kucheza... na mimi, wallahi, nilisikia ngoma.

"Wewe iko nacheza?" akauliza, haamini.

"Iko nacheza sana, Afande!"

"Raundi tatu utaweza?"

"Hata kumi!"

Nikakimbia nyumbani nikavaa bugaluu yangu, ile suruali pana chini, nikajipaka mafuta ya mama mpaka nikang'aa. Njiani wenzangu walikuwa wanajifunga vitambaa mikononi, nikadhani ni mtindo mpya.

Koboko nikakuta kamba zimefungwa kwenye nguzo nne, watu wamejaa, na Hawa yuko mbele kabisa. Afande akaanza kunivisha glavu.

"Afande, hii ya nini?"

"Ya ngumi! Wewe nafikiri tumekuja kula harusi?"

Hapo ningesema ukweli ningepona. Lakini Hawa alikuwa amenipungia mkono, basi nikaingia.

Akaja kijana mwenye shingo nene kuliko paja langu. Chuma kikagongwa, nami nikafanya kitu pekee nilichokijua: nikacheza. Nikakata kiuno, nikazunguka, nikarudi nyuma kwa madaha, jamaa akawa anapiga hewa tu, uwanja mzima ukalipuka, mama mmoja akapiga vigelegele, na mimi mjinga nikageuka kumpa Hawa tabasamu. Ngumi ilinikuta hapo hapo natabasamu. Nikakanyaga upindo wa bugaluu, nikaanguka chali miguu juu, mshono wa nyuma ukaachia paaa.

Hawa akaja mbio na kikombe cha maji, nikanyoosha mkono, akanipita akampa yule mwenye shingo, kumbe ni kaka yake. Aliporudi alikuwa anazuia kicheko.

"Wewe iko nacheza muzuri sana. Lakini ngoma iko kesho, dada yangu naolewa."

Kesho! Na lori lilikuwa linarudi Arua jioni ile ile, nami nikarudi nalo.

Alfajiri, kijana yule yule wa kuumwa tumbo, yaani mimi, aliiba baiskeli ya mjomba akaiendesha njia nzima mpaka Koboko, milima, vumbi, jua, jicho moja limefumba. Nilifika, nikakaa mkekani, ngoma zikaanza. Hawa akaja mbele ya shangazi zake wote akanipa mkono.

"Simama."

"Nasimama," nikasema, nimekaa.

Miguu ilikataa kabisa. Nilikaribia kulia, si mchezo. Mwisho akaitwa yule kaka, akanibeba mgongoni kunitoa uwanjani, na vigelegele vikapigwa kwa ajili yetu wawili.

Tangu siku ile sipandi gari la mtu kabla ya kuuliza mara mbili tunakwenda kucheza nini. Afande naye alipopata habari ya baiskeli aliniita pembeni, akaniuliza kwa upole nilipata wapi dawa ya lile tumbo. Dawa yenyewe ilikuwa imekaa Koboko inanicheka.