Roboti Iliyotaka Jina la Mtoto Wangu

Usiniambie nilikuwa na njaa, wala usiniambie ni malaria. Nilikuwa nimekunywa chai na viazi vitamu, akili zangu zote ziko, na ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Kisumu likichoma mabati. Kina mama waliojaa benchi mbili waliona kila kitu. Wengine siku hizi wanajifanya hawakuwapo. Shauri yao. Mimi nitasema.

Binti yangu anaitwa Achieng'. Nilimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa mchana, jua likiwaka, basi. Kwetu huku ziwani mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Jina atakalonyamazia ndilo lake, kwamba marehemu huyo amemchagua. Nilikataa asitajiwe. Nilijua wangeanza na Abuya, mama mkwe wangu, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya Achieng' kuzaliwa. Yule mama alinisumbua, niamini. Mimi ni wa Ahero, ambako mafuriko yakija tunahamia shuleni na kuku wetu. Basi miaka yote niliyopika jikoni kwake, tukiwa wawili tu, aliniita Nyar Pi, binti wa maji. Mbele za watu alikuwa mtamu kama asali. Hata mume wangu hakuwahi kulisikia jina hilo.

Achieng' alipokaribia miaka miwili, vidole vyake vilianza kuvimba, vya mikono na vya miguu. Alilia mpaka sauti ikakauka. Ukoo mzima ukanijia juu: ni bibi anataka jina lake. Mume wangu ni fundi wa mawe, mtu mpole asiyependa kelele, lakini naye akaanza.

"Mama Achieng', si tumpe tu hiyo jina? Akinyamaza, hakuna haja ya sindano."

Ungefanya nini wewe? Mimi nilimfunga mgongoni nikaenda kituo cha afya. Mara mbili walishindwa kumtoa damu, alivyokuwa akijitupa. Mara ya tatu tukakuta wameletewa roboti.

Ilikuwa ya plastiki nyeupe, kimo cha mtoto wa chekechea, macho mawili ya bluu. Watoto waliipa jina Jakom, mwenyekiti, kwa sababu ilikaa kwenye kiti chake ikisalimia kila anayeingia. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watoto woga. Iliwaruhusu wapime kifua chake kwanza, ikacheka, ikawaimbia, na kabla mtoto hajajua, sista amemaliza kazi. Ilisema Kiswahili cha watu wa redio na Kiingereza. Sista aliiongoza kwa kishikwambi.

Tuliingia. Jakom ikamgeukia mwanangu, ikasema, "Habari yako, Ach..." Ikakwama. Macho yakafifia. Kisha ikakohoa. Umewahi kusikia mashine ikikohoa? Kikohozi kile nilikijua, kikavu, mara tatu, na mguno mwishoni.

"Abuya," ikasema. Na Achieng', aliyekuwa akilia tangu getini, akanyamaza kabisa.

Sista alibonyeza kishikwambi chake, akabonyeza tena. Akaenda nyuma ya kiti akaizima. Jakom ikaendelea kuongea, Kijaluo sasa, sauti ya mwanamke mzee.

"Nyar Pi. Mpe jina langu."

Nyuma yangu kina mama walikuwa wamesimama wote. Mmoja akaita, "Mama, mpatie tu! Jina ni bure! Si unaona mtoto amenyamaza?"

Nilikuwa naona. Na sitakudanganya, neno lilikuwa mdomoni. Siku ngapi sikuwa nimeusikia ukimya ule? Ningesema neno moja, nimbebe, nirudi nyumbani, ukoo unipigie vigelegele. Lakini nikaangalia mikono ya mwanangu. Amenyamaza, ndiyo, ila vidole vilikuwa vimevimba vilevile, vinene kama mandazi. Hapo hasira ikanipanda. Jina limemziba mdomo, halijamponya kitu.

"Wewe Mama," nikasema, kwa sauti, wote wasikie. "Ulinitesa ukiwa hai, sasa umekuja kwa plastiki? Huyu ni Achieng'. Jina lako sitampa. Kama unampenda, nyamaza damu itolewe. Sista, leta sindano!"

Achieng' akaanza kupiga mayowe upya. Nikamkumbatia mimi mwenyewe, nikaukaza mkono wake, nikimwita Achieng', Achieng', sikioni. Sista akapata mshipa. Damu ikaingia kwenye kichupa.

Ndipo Jakom, ingali imezimwa, ikasema polepole, "Hata wangu walivimba hivyo." Kichwa kikaanguka kifuani. Basi.

Majibu yalipotoka, ilikuwa selimundu, ugonjwa wa damu. Achieng' anameza dawa kila siku. Maumivu bado huja, ila si kama zamani, na anakimbia uani akifukuza bata. Mume wangu ndipo akaniambia kwamba mama yake alizika watoto wawili kabla yake, na kila mmoja watu walimtafutia jina mpaka akafa. Labda ndilo bibi alilokuja kusema. Basi angeanza na hilo! Nilimlilia, nakiri, lakini msimamo wangu haukubadilika.

Jakom ilipelekwa kwa mafundi, ikarudi, wakasema haina ubovu wowote. Inasalimia watoto wote kwa majina yao. Achieng' akiingia, inainamisha kichwa na kunyamaza mpaka tutoke.

Kwa hiyo sikiliza, wewe uliye na mtoto anayelia na vidole vimevimba. Majina yatangoja. Mpeleke atolewe damu kwanza. Na chochote kikimwita kwa jina usilompa, kiwe na pumzi au kiwe na betri, mshike mwanao, usimwachie. Wazee wa ukoo wananidai niende kaburini nikaombe msamaha, tena wameshapanga Jumanne. Jumanne ni kliniki ya Achieng'. Waende wenyewe.