Kaburi la Ghorofa ya Pili

Hapa Machakos mtu hufunga mlango ili mwizi asiingie. Wazo la kulipa ufungiwe ndani, kisha uhangaike kutafuta njia ya kutoka, lilionekana kwa jamaa zangu kama ugonjwa. Shangazi yangu wa Kithimani alinipigia simu kuniuliza kama nimejiunga na waabudu shetani. Nikamweleza kwamba ni mchezo tu: chumba kimepambwa kama kaburi la mfalme wa Misri ya kale, wachezaji wanafumbua mafumbo, wakifaulu mlango unafunguka. Akasema ataniombea, akakata simu.

Chumba nilikikodi juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Kuta nilizipaka mwenyewe rangi ya mchanga, nikachora ndege na watu wanaotazama upande. Kilichonishinda ni jeneza. Yale yaliyopangwa nje kwa fundi wa majeneza yalikuwa na misalaba, nami nilitaka lenye mabega mapana na miguu iliyobanana. Fundi akachukua kipimo chake. "Marehemu ako na urefu gani?"

"Hakuna marehemu."

Akaniangalia vibaya. "Hizi zingine hazina mwenyewe, ni za kuuza. Lakini ya kupimwa lazima iko na mwenyewe. Ukipima bure unaita kifo."

Kwa hasira nikainua mkono hadi usawa wa macho yangu, nikasema, "Wa hivi." Ndipo nikagundua nimempa kimo cha mama yangu. Nilitoka nikalia kando ya barabara, vijana wa boda wakinikodolea macho.

Mama alifariki wakati wa korona. Yeye na baba walilazwa pamoja, na siku ya mazishi baba alikuwa bado wodini, anapumua kwa mashine. Kwetu mume ndiye hutangulia kumwaga udongo. Yeye hakumwaga. Aliporudi nyumbani hakuuliza neno, wala hakuwahi kushuka upande wa shamba lilipo kaburi. Mbaazi za huko zilikauka mitini bila kuvunwa. Nilitamani aulize, na niliogopa aulize. Miaka ikapita hivyo, tunazungumza habari za mvua na ng'ombe.

Chumba kilipokamilika nilihitaji mtu wa kukijaribu asiyejua siri zake, na marafiki zangu wote walishazijua. Baba alikuwa amekuja mjini kliniki ya presha. Nikamwomba apande ngazi. Alikubali kwa sababu alitaka kukaa mahali penye kivuli.

Fumbo la mwisho ndilo nililojivunia. Ndani ya jeneza alilala mwanasesere niliyemzungushia vipande vya shuka za mitumba. Vitu vyake vilitawanyika chumbani: kibuyu, kioo, shanga, kiti kidogo. Wachezaji wengi wangetafuta ufunguo, kumbe walipaswa kurudisha kila kitu mahali pake ndani ya jeneza na kulifunika. Hapo sumaku ingeachia mlango. Nikaketi chumba cha pili nikimtazama kwenye skrini, kwa sababu mbunifu haruhusiwi kusema mpaka mchezaji aombe msaada.

Mwanzoni aliwacheka watu wa ukutani. "Hawa wako na jicho moja tu?" Kisha akaliona jeneza, akavua kofia.

Hakusoma maelekezo yoyote. Alimnyooshea yule mwanasesere shuka zilizolegea, akaokota vitu kimoja kimoja na kuvipanga ubavuni mwake. Shanga hazikupaswa kuwa shingoni, lakini alimvalisha shingoni, taratibu, akainua kichwa kile cha matambara kama cha mtu mwenye maumivu. Akafunika. Mlango haukufunguka, maana kwa hesabu zangu alikuwa amekosea. Nikabonyeza swichi nikaufungua mwenyewe, macho yamejaa machozi. Hakuutazama. Alikaa chini kando ya jeneza.

"Mwaitu," aliita huku ameangalia kamera ya darini. Ndivyo anavyoniita siku zote, yaani mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Uko huko?"

"Niko, Baba."

"Mama yenu mulimzika aje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu atoke hospitali. Nikaingia, nikaketi sakafuni karibu naye. Nikamwambia walikuja watu waliovaa mavazi meupe, asubuhi, kabla ya majirani kufika. Sisi watoto tuliambiwa tusimame kwenye ua. Mchungaji aliomba kutoka barabarani. Walimshusha kwa kamba, wakafukia kwa sepetu haraka haraka, wakapanda gari lao.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sijui, Baba. Walimleta wamemfunga tayari. Hatukuonyeshwa."

"Hata leso yake hamkumfunga?"

"Hapana."

"Na udongo?"

"Hakuna aliyeruhusiwa kusogea."

Mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko. Nilidhani atanilaumu, na ningeshukuru.

"Mimi nilikuwa nakasirika na nyinyi," akasema. "Nikiwaona mkikula pale mezani, najiambia hawa walimmwagia mama yao udongo, wamemaliza, ni mimi tu nimebaki. Kumbe hata nyinyi hamkumzika."

"Hatukumzika, Baba," nikasema, na tukalia pale pale sakafuni, mlango ukiwa wazi.