Kiti cha Rufus na Mkono wa Tabia

Gari la Madam Glynis lilikuwa likiamka kabla ya watu. Asubuhi za Julai, kipupwe cha Johannesburg kikiwa kimepamba moto na nyasi za mtaa wa Emmarentia zikiwa nyeupe kwa jalidi, madam mwenyewe bado amejifunika gubigubi, alinyoosha mkono akachukua simu, akabonyeza, na huko nje uani gari likaanza kuvuma taratibu bila dereva na bila moshi, likipasha hewa ya ndani na viti vyake viwili vya mbele. Lilikuwa gari la umeme, bado jipya. Tabia, aliyekuwa akifagia kibaraza huku meno yakimgongana, alilitazama akasonya.

Asingesonya kama joto lile lingekuwa la mtu. Lilikuwa la Rufus. Rufus alikuwa mbwa mzee mwenye nyonga mbovu, na kila asubuhi alipelekwa kuogeleshwa kwenye bwawa la maji ya moto, eti alegeze viungo. Kazi ya Tabia ilikuwa kumfungulia mlango wa mbele akalie kiti kilichokwisha kupata joto, amngoje madam amalize kuvaa. Mbwa anapanda, anajizungusha, analala, udenda unamtiririka kwenye kitambaa cha kiti, na lile joto linaupika udenda mpaka harufu yake inamfikia Tabia mlangoni, nzito, kama tambara la kudekia lililosahauliwa kwenye ndoo. Alikuwa akifungua kwa vidole alivyovizungushia kitambaa, uso ameugeuzia ukutani. Chumbani kwake, nyuma ya nyumba, hapakuwa na hita. Madam alisema hita ndogo zinakula umeme vibaya sana.

Tabia alikuwa mtu wa Tanga, wa Ngamiani, mwanamke wa miaka hamsini na ushei. Alikuja Johannesburg kumfuata mumewe, Bakiri, aliyekuwa akiuza mikanda na miwani kule Yeoville, na Bakiri alipofariki hakuona tena pa kurudi. Kwa Madam Glynis alikuwa mfanyakazi wa ndani. Kwa Watanzania wa Yeoville na Bellevue alikuwa na kazi nyingine aliyofundishwa na shangazi yake tangu usichana: alikuwa mwosha maiti. Akifa mwanamke, anaitwa Tabia.

Na wakishamwita na kumshukuru, wanamkwepa. Dini haijasema hivyo, na kila mtu anajua haijasema, lakini penye harusi Tabia hakupewa unga akande, na sambusa alizopeleka kwenye futari alirudishiwa zote, sahani imefunikwa vilevile alivyoifunika. "Mkono ule," walinong'ona. Ilimchefua. Mtu anakulilia uje umguse mama yake, kisha anakataa usiiguse sambusa yake! Mmoja tu hakuwa na upuuzi huo, Nusaiba, muuza viungo wa Bellevue, aliyekula chakula cha Tabia mpaka akaramba vidole. "Mimi siku yangu nioshe wewe," alikuwa akimwambia, mdomo umejaa. "Na maji usinitilie ya baridi, nitakufa mara ya pili."

Siku yake ikafika. Simu ililia kabla hakujapambazuka, na mpigaji alikuwa Seif, mwanawe Nusaiba, mtu mzima sasa, mlinzi wa duka, mzaliwa wa hapohapo Johannesburg.

"Anti Tabia. Eish, Anti. Mama ametutoka."

Watazika baada ya adhuhuri, alisema, na wanamngoja yeye.

Madam Glynis alipoambiwa kwamba Tabia amefiwa na rafiki, machozi yalimlenga. Alikuwa na huruma, tusimsingizie. "Upande teksi mbili kwenye baridi hii? Hapana, nitakupeleka mwenyewe, na baadaye nitakufuata. Rufus leo atakaa nyuma." Akatoa simu, akabonyeza, akatabasamu. "Nimekupashia kiti."

Tabia alitamani kukataa. Lakini teksi za huko, zile daladala, alizijua zinavyochelewa asubuhi, na Nusaiba alikuwa amelala anamngoja. Akatoa kanga mkobani akaitandika juu ya kiti.

"Unafanya nini?" madam akauliza.

"Natandika, madam. Pana unyevu."

"Rufus anaoga kila siku, Tabia. Ni msafi kuliko watu wengi ninaowajua." Akaivuta kanga, akaitupa nyuma kwa wema kabisa. "Na hivyo hutalisikia joto."

Akalisikia. Lilipanda kupitia gauni lake safi, likapanda pamoja na ule unyevu na ile harufu, mpaka akahisi ameketishwa ndani ya kinywa cha mbwa. Huko nyuma Rufus, aliyenyang'anywa kiti chake, alikuwa akimhemea shingoni, na kwenye robot, taa za barabarani, ya mtaa wa Louis Botha akanyoosha ulimi akamlamba nyuma ya sikio. Madam akacheka. "Anakupa pole!" Tabia akafumba macho. Afike tu. Akiteremka hapa njiani, watamzika Nusaiba kabla hajafika, au ataoshwa na mtu anayefumba pua.

Alipofika Bellevue hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la uani, akaomba gauni la kubadilisha, akachota udongo wa kando ya ukuta. Kwao mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, na maji ya bomba lile yalikuwa yakikata kama wembe. Alijiosha shingo na mgongo na mapaja hivyohivyo, akitetemeka, na wanawake wakimtazama.

Kisha akaagiza maji ya Nusaiba yatiwe kwenye jiko la gesi.

"Bi Tabia," akasema mmoja wao, mnene mwenye sauti, mtu wa Unguja, "maiti hasikii baridi. Saa zinakwenda."

"Mimi nasikia," alijibu Tabia.

Waliyaleta ya uvuguvugu, wakaweka ndoo mlangoni, wakarudi nyuma. Tabia aliingia peke yake na kumkuta Nusaiba juu ya kitanda cha kuoshea kilicholetwa kutoka msikitini. Alimwosha taratibu, akimfunika kila alipomaliza kumgusa. Alimsafisha alivyojichafua na ugonjwa, akampitishia maji kwenye nywele, akamkausha katikati ya vidole. Hakugeuza uso hata mara moja. Alipomaliza kumtia karafuu maiti na kumvika sanda, alimkalia kidogo pembeni, akalia. Adhana ilikuwa bado.

Wanaume walikwenda makaburini, wakarudi. Nje likaja gari bila sauti, Rufus akiwa kiti cha nyuma. Madam alikuwa amemfuata kama alivyoahidi, na Seif akatoka kumsindikiza Tabia hadi mlangoni mwa gari.

"Asante kwa kutuletea Anti yetu," alimwambia madam kwa Kiingereza. "Ndiye aliyemwosha mama."

"Kumwosha? Unasema... mwili wenyewe?"

"Kwa mikono yake."

Madam Glynis aliitazama mikono ile. Aliitazama kama Tabia alivyozoea kuitazama midomo ya Rufus. Kisha akaenda nyuma ya gari, akatoa mfuko mweusi wa taka, akaupasua ubavuni na kuutandaza vizuri juu ya kiti cha mbele, akiubana pembeni usiteleze.

"Usinielewe vibaya," alisema. "Si kwa ajili yangu. Ni Rufus, unajua analamba kila kitu, na kwa umri wake... Na chakula chake cha jioni nitampikia mwenyewe, kwa siku chache tu. Ingia, ingia. Nimekupashia tena."

Kiti kilikuwa kweli kimepata moto. Plastiki ilikuwa imeanza kulegea na kunuka. Tabia aliinama akautazama mfuko ule, na kinyaa kikamjaa, lakini safari hii hakikuwa kinyaa cha mbwa. Aliingiza mkono siti ya nyuma, akachukua kanga yake.

"Mrudishie kiti chake, madam," alisema. "Kitapoa. Vitu vyangu nitakuja kuvichukua."

Hakungoja jibu. Nyuma yake alisikia mlango ukifunguliwa na kucha za Rufus zikiparuza plastiki, akijizungusha apate pa kulala.

Ndani wanawake walikuwa wamezunguka sinia la wali. Tabia alinawa akaketi, akapeleka mkono, na mikono miwili mitatu ikarudi nyuma polepole, kama kawaida. Siku zote alijifanya haoni.

"Nimechoka," alisema, na sauti yake ilifika mpaka uani kwa wanaume. "Asubuhi nimelambwa na mbwa, mchana nimetandikiwa mfuko wa taka asije huyo mbwa akachafuka kwangu. Na nyinyi je? Mwenzenu nimemwosha kwa mkono huu. Kila mmoja wenu atalala mbele yangu siku yake, na mkono huuhuu ndio atakaoutaka. Haya, sogeeni nile."

Kisha yule mama wa Unguja akasogea, akausukuma wali wa katikati upande wa Tabia, na kurudisha mkono wake siniani.